Kushindilia hifadhidata na kutunza nafasi ya diski: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotunza kompyuta za nyumba za wageni za Shela na Lamu mjini, zahanati, maduka ya jumla, na vikundi vya wavuvi vinavyoandika samaki wanaoshushwa dikoni. Mahali pengi hapana mtu aliyeajiriwa kwa kazi hii peke yake; yupo karani hodari na fundi anayekuja kwa boti akiitwa. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya hao wawili. Amri zimeachwa kama zinavyoandikwa kwenye kompyuta. Majina ya mafaili na majedwali ni ya mfano, weka ya kwako.

Tumefuta rekodi za wageni za miaka mitatu, lakini faili halikupungua hata kidogo. Kwa nini?

Kwa sababu kufuta si kurudisha nafasi. Hifadhidata huandika data kwenye vipande vyenye ukubwa mmoja viitwavyo kurasa. SQLite hutumia kurasa za baiti 4096 (ndivyo ilivyo kawaida yake tangu toleo la 3.12.0 la mwaka 2016), PostgreSQL kilobaiti 8, na InnoDB ya MySQL kilobaiti 16. Ukifuta rekodi, hifadhidata huutia ukurasa alama kwamba sasa una nafasi, ikauweka kwenye orodha ya kurasa tupu, na kazi yake imeishia hapo. Mfumo wa kompyuta haukuambiwa lolote, kwa hiyo kwake faili ni lile lile.

Jahazi lililosheheni magunia ukilishusha gunia moja hapa na jingine pale, halipungui urefu. Mapengo yamo ndani, tena yametawanyika. Faili nalo huweza kukatwa mkiani tu, haliwezi kukatwa katikati. Ikiwa rekodi moja hai imekaa kwenye ukurasa wa mwisho, kurasa zote tupu zilizoutangulia zimezuiliwa na hiyo moja.

Mapengo hayo hayajapotea. Wageni wapya wataandikwa humo kabla faili halijaongezwa hata baiti moja. Hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa, maana watu wengi hushindilia hifadhidata isiyohitaji kushindiliwa.

Kushindilia ni nini hasa? Ni sawa na kubana kwa zip?

Si sawa. Kubana ni kuandika data ile ile kwa herufi chache zaidi, kisha kuifumua unapoisoma. Kushindilia ni kuondoa mapengo: rekodi hai husomwa moja baada ya nyingine na kuandikwa upya zikiwa zimefuatana, kisha faili la zamani huachwa. Ukirudi kwenye jahazi, ni kushusha magunia yote gatini na kuyapanga upya toka mwanzo.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima: lazima gati liwe tupu. Kushindilia hula nafasi kabla ya kurudisha nafasi. Anayengoja mpaka diski ijae ndipo ashindilie amechelewa, kwa kuwa dawa yenyewe haina mahali pa kukaa.

Nitajuaje programu yetu inatumia hifadhidata gani?

Tazama mafaili. Yakiishia `.db`, `.sqlite` au `.sqlite3`, mara nyingi ni SQLite. `.accdb` na `.mdb` ni Microsoft Access. Kwenye Linux, folda `/var/lib/mysql` yenye mafaili ya `.ibd` ni MySQL au MariaDB, na `/var/lib/postgresql` ni PostgreSQL. `.mdf` ni SQL Server. Jina la programu pia hukuelekeza: Odoo hukaa juu ya PostgreSQL, OpenMRS ya zahanati juu ya MySQL, na DHIS2 juu ya PostgreSQL.

Je, kila hifadhidata lazima ishindiliwe?

Hapana. Nyumba ya wageni inayofuta rekodi za zamani mwezi wa tano, kisha ikajaza mpya kuanzia Disemba, haina faida ya kushindilia. Itapunguza faili leo na kulikuza tena baada ya miezi michache, na kila kukuza ni kazi ya ziada kwa diski. Acha mapengo yajazwe.

Sisi tungeshindilia kukiwa na sababu tatu: umefuta sehemu kubwa ambayo haitajazwa tena (kwa mfano, umeacha kuhifadhi picha ndani ya hifadhidata), kurasa tupu zimepita robo ya faili na diski inabana kweli, au unataka data iliyofutwa isisalie ndani ya faili kwa sababu ya siri za watu. Kushindilia kila usiku "kwa usafi" hatukushauri. Huandika faili zima upya kila mara, na kwenye kompyuta ndogo inayotumia kadi ya SD huo ni mchakao wa bure.

Nishindilieje SQLite hatua kwa hatua?

Kwanza pima. Fungua faili na uulize mambo matatu:

`sqlite3 wageni.db`
`PRAGMA page_size;`
`PRAGMA page_count;`
`PRAGMA freelist_count;`

Tuseme majibu ni 4096, 300000 na 180000. Faili lina baiti 300000 × 4096, yaani kama gigabaiti 1.23. Kurasa tupu ni 180000 × 4096, kama megabaiti 737. Asilimia 60 ya faili ni mapengo, na baada ya kushindilia utabakiwa na megabaiti 490 hivi au pungufu, kwa kuwa hata kurasa zilizojaa nusu hupangwa vizuri zaidi.

Kisha funga programu kwenye kompyuta zote, si ya mapokezi tu. Toa bekapu na uiweke kwenye diski nyingine. Hakikisha faili ni zima kwa `PRAGMA integrity_check;` na jibu liwe `ok`. Likiwa jingine, simama hapo, usishindilie faili bovu.

Sasa una njia mbili. `VACUUM;` hushindilia faili lenyewe. Njia ya pili, tunayoipendelea, ni:

`VACUUM INTO '/media/diski2/wageni_mpya.db';`

Hii imekuwepo tangu toleo la 3.27.0 la mwaka 2019. Huandika nakala iliyoshindiliwa mahali unapotaka na hailigusi faili la asili, kwa hiyo hata diski ya kompyuta ikiwa imebanwa unaweza kuandikia diski ya nje. Faili unalolitaja lisiwe limekwishakuwapo na kitu ndani. Likikamilika, lifungue, endesha tena `integrity_check`, hesabu rekodi za jedwali kubwa kwenye mafaili yote mawili, zikilingana ndipo ubadilishe.

Mitego miwili hapa. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Kazi itakatika njiani hata kama flashi ni ya gigabaiti 64. Iumbize upya kwa exFAT au NTFS baada ya kuhamisha vilivyomo. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: ukibadilisha faili, pembeni yake pasisalie `wageni.db-wal` wala `wageni.db-journal` ya lile la zamani. SQLite ikikuta masalio hayo inaweza kuyachanganya na faili jipya, na hapo umeiharibu kwa mkono wako mwenyewe. Kabla ya kubadilisha, endesha `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);` kwenye lile la zamani, lifunge, na uhakikishe mafaili hayo ya pembeni hayapo au yamebaki matupu.

Jambo dogo kwa waandishi wa programu: jedwali lisilokuwa na `INTEGER PRIMARY KEY` linaweza kubadilishiwa namba za `rowid` wakati wa VACUUM. Ikiwa kuna msimbo unaozitegemea namba hizo, rekebisha kwanza.

Inahitaji nafasi kiasi gani?

Kwa `VACUUM;` ya kawaida ya SQLite, hesabu hadi mara mbili ya ukubwa wa faili la asili, iwe tupu. Kwa mfano wetu wa juu, karibu gigabaiti 2.5. Sababu ni kwamba nakala mpya huandikwa kwanza kwenye faili la muda, kisha hurudishwa ndani ya faili la asili, na wakati wa kurudisha kuna jarida linalotunza kurasa za zamani ili kazi ikikatika ziweze kurejeshwa. `VACUUM INTO` huhitaji nafasi ya nakala mpya tu.

PostgreSQL kwa `VACUUM FULL` huhitaji nafasi ya nakala mpya ya jedwali pamoja na faharasa zake (index, orodha za kutafutia rekodi haraka). MySQL kwa `OPTIMIZE TABLE` ni vivyo hivyo, takriban ukubwa wa jedwali jipya. Kwa hiyo kinachokupa kipimo kwenye hizi mbili ni jedwali lako kubwa kuliko yote, wala si hifadhidata nzima.

Nimeandikiwa "database or disk is full", na diski ina gigabaiti 20 tupu!

Tazama faili la muda linaandikwa wapi. Kwenye Linux nyingi `/tmp` ni sehemu ndogo, au imo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na si kwenye diski. Huenda SQLite imejaza hapo. Ielekeze kwingine kabla ya kuifungua:

`export SQLITE_TMPDIR=/home/hifadhi/muda`

Folda hiyo iwepo na uwe na ruhusa ya kuandika humo. Ujumbe mwingine wa kawaida, "database is locked", maana yake kuna mtu hajafunga programu. Mara nyingi ni kompyuta ya ofisi ya nyuma iliyosahauliwa.

Kuna `auto_vacuum`. Tukiiwasha si tutakuwa tumemaliza kazi?

Kiasi. Ikiwekwa FULL, SQLite hukata kurasa tupu mkiani kila muamala (transaction, fungu la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja) unapokamilika. Lakini haipangi kurasa zilizojaa nusu, na kule kuhamisha kurasa huku na huku kunaweza hata kuongeza mtawanyiko. INCREMENTAL hungoja uiambie: `PRAGMA incremental_vacuum(1000);` itarudisha kurasa zisizozidi 1000. Hiyo tunaipenda zaidi. Ukiwasha mojawapo kwenye hifadhidata iliyokwisha kuwa na majedwali, haitafanya kazi mpaka uendeshe `VACUUM` moja kamili.

PostgreSQL ina VACUUM na VACUUM FULL. Tofauti yake nini?

Tofauti ni kubwa, na kuzichanganya kunaweza kuifungia zahanati milango asubuhi ya kliniki.

PostgreSQL haibadilishi rekodi mahali ilipo. Ukisahihisha namba ya simu ya mgonjwa, huandika toleo jipya la rekodi nzima na kuliacha la zamani, ili aliyekuwa akisoma aendelee kuona alichokuwa anakiona. Matoleo ya zamani yasiyohitajika na yeyote huitwa rekodi mfu. `VACUUM` hupita ikizikusanya na kuifanya nafasi yake itumike tena ndani ya jedwali lile lile. Haizuii watu kusoma wala kuandika. Kwa kawaida faili halipungui, isipokuwa kurasa za mkiani zikiwa tupu kabisa, hapo huzikata.

`VACUUM FULL` ndiyo kushindilia kwenyewe: huandika jedwali jipya na kurudisha nafasi kwa diski. Lakini hulifunga jedwali kabisa, hata `SELECT` husubiri. Jedwali la gigabaiti kadhaa kwenye diski ya kuzunguka huweza kukaa hivyo kwa muda mrefu, na foleni ya wagonjwa ipo mlangoni. Ifanye usiku baada ya isha, jedwali moja moja, kwa jina lake. Amri ya `VACUUM FULL` bila jina hupitia hifadhidata nzima.

Ikiwa huwezi kabisa kusimamisha kazi, kuna kiongezo cha `pg_repack`. Hushindilia huku watu wakiendelea, kikifunga jedwali kwa muda mfupi tu. Kinataka jedwali liwe na ufunguo mkuu (primary key), au faharasa ya kipekee isiyokubali thamani tupu, na nafasi takriban mara mbili ya jedwali na faharasa zake. Na kama kilichovimba ni faharasa peke yake, `REINDEX INDEX CONCURRENTLY` ya toleo la 12 na kuendelea inatosha.

Autovacuum imewashwa, na jedwali bado linavimba. Tatizo liko wapi?

Anza na hesabu. Kwa mpangilio wa kawaida, autovacuum huamka rekodi mfu zikizidi 50 pamoja na asilimia 20 ya rekodi za jedwali. Jedwali la rekodi 1,000,000 husubiri mpaka rekodi mfu 200,050. Kwa jedwali linalosahihishwa sana hiyo ni mbali mno. Lishushie kizingiti lenyewe tu:

`ALTER TABLE miadi SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);`

Sasa itaamka kwenye 20,050. Tazama hali kwa:

`SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum FROM pg_stat_user_tables ORDER BY n_dead_tup DESC;`

Ikiwa autovacuum imepita juzi na rekodi mfu hazipungui, kuna anayezishikilia. Mshukiwa wa kwanza ni muamala uliofunguliwa ukaachwa: mtu amefungua skrini ya ripoti Ijumaa, akaenda zake. Utauona kwenye `pg_stat_activity` ukiwa na hali ya `idle in transaction` na saa ya kuanza ya zamani. Rekodi zilizokufa baada ya muamala huo kufungua macho yake haziwezi kuondolewa. Weka `idle_in_transaction_session_timeout` iwe kwa mfano dakika 10, wa namna hiyo watakatwa wenyewe.

Mshukiwa wa pili ni nafasi ya urudufishaji (replication slot, alama ya seva ya pili inayopokea nakala) iliyosahauliwa. Seva ya pili ilikuwa Malindi, ikaharibika, hakuna aliyeiondoa kwenye orodha, na seva ya kwanza inaitunzia logi kila siku ikidhani itarudi. Tazama `pg_replication_slots`; ikiwa `active` ni `f` na una yakini seva hiyo haitarudi, iondoe kwa `pg_drop_replication_slot`. Folda ya `pg_wal` itapungua yenyewe baada ya hapo.

Usizime autovacuum kwa sababu ya kuona inakula diski. Pamoja na usafi, ndiyo inayolinda namba za miamala zisizunguke na kurudi mwanzo, jambo ambalo likikaribia PostgreSQL hukataa kuandika kabisa ili kuokoa data.

Na MySQL?

Angalia palipo na mapengo:

`SELECT table_name, ROUND(data_length/1048576) AS mb, ROUND(data_free/1048576) AS tupu FROM information_schema.tables WHERE table_schema='kliniki' ORDER BY data_free DESC;`

Megabaiti chache tupu ni kawaida. Jedwali lenye mamia ndilo la kushughulikia, kwa `OPTIMIZE TABLE ziara;`. Utajibiwa kwamba jedwali halikubali optimize na badala yake litaundwa upya na kuchambuliwa. Usishtuke, kwa InnoDB hiyo ndiyo kazi uliyoitaka. Baada yake namba za juu zinaweza kubaki za zamani, kwa sababu MySQL 8.0 hutunza takwimu hizo hadi saa 24; `ANALYZE TABLE ziara;` huzisahihisha.

Faili la `ibdata1` ni kisa chake. Halipungui kamwe. Kama hifadhidata ilianzishwa zamani, kabla `innodb_file_per_table` haijawa kawaida katika 5.6, majedwali yote yanaweza kuwa humo. Njia ni moja: toa kila kitu kwa `mysqldump`, zima, anzisha upya folda tupu ya data, rudisha. Ni kazi ya siku nzima ya kupangwa, na bekapu mbili mkononi.

Kabla ya yote hayo, tazama logi za `binlog`, yaani kumbukumbu za kila badiliko. MySQL 8.0 huziwasha yenyewe na kuzitunza siku 30, na mara nyingi ndizo zilizojaza diski huku watu wakilaumu majedwali. Ikiwa huna seva ya pili inayozisoma:

`PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 7 DAY;`

Kisha punguza `binlog_expire_logs_seconds`. Usizifute kwa `rm`.

Duka letu bado linatumia Access.

Faili la Access halivuki gigabaiti 2, na hupata shida kabla ya kufika hapo. Wote watoke, toa nakala, kisha tumia Compact and Repair Database. Usiwashe ile ya kushindilia kila linapofungwa ikiwa faili linatumiwa na watu wengi kwenye mtandao wa ndani.

Programu ya simu ya wahudumu wa afya inatumia CouchDB. Mbona faili hukua hata tukisahihisha tu?

CouchDB huongeza mkiani tu. Kila sahihisho ni nakala mpya ya hati pamoja na sehemu ya mti wa faharasa inayoielekea, zote zikiandikwa mwishoni. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika, kilichoandikwa mwanzo hakijaguswa. Gharama yake ni ukubwa. Kushindilia huandika faili la pili lenye matoleo ya mwisho tu, huku watu wakiendelea kutumia, kisha hubadilishana. Toleo la 3 hufanya hivyo lenyewe, kuilazimisha:

`curl -u msimamizi -X POST -H "Content-Type: application/json" http://localhost:5984/ziara/_compact`

Hati zilizofutwa huacha alama ya kaburi, na alama hizo haziondoki kwa kushindilia. Zinahitajika: simu iliyokuwa Faza bila mtandao wiki mbili ikirudi, alama ndiyo itakayoiambia kwamba hati ile imefutwa. Bila alama, simu ingeirudisha.

Familia nyingine yenye tabia hiyo ni ya hifadhidata za RocksDB na Cassandra. Maandishi huingia kwanza kwenye kumbukumbu, na ikijaa (kawaida ya RocksDB ni megabaiti 64) humwagwa diskini kama faili lililopangwa kwa mfuatano, lisilobadilishwa tena. Mafaili yakiwa mengi, kusoma huwa kwa taabu kwa kuwa lazima uulize kila faili. Basi kushindilia huyaunganisha: kwenye RocksDB, yakifika manne kwenye ngazi ya sifuri husukumwa ngazi ya kwanza, yenye megabaiti 256, na kila ngazi inayofuata ni mara kumi ya iliyotangulia. Rekodi yenye matoleo matano hubaki na moja. Hapa kushindilia ni sehemu ya uhai wa kila siku, ukiizima mfumo utakwama. Cassandra hutunza alama za makaburi siku 10 kabla ya kuziruhusu ziondolewe, na kwa mkakati wake wa kuunganisha mafaili ya ukubwa unaolingana inaweza kuhitaji nusu ya diski iwe tupu. Nusu hiyo si ya kuazimisha.

Tunahifadhi picha za pasipoti ndani ya hifadhidata. Kushindilia kutasaidia?

Hakutasaidia. Picha za JPEG zimebanwa tayari na hazina mapengo. Zikiwa zimegeuzwa kuwa maandishi ya base64 zimeongezeka theluthi moja juu ya ukubwa wake. Zitoe, ziweke kama mafaili kwenye folda iliyofungwa kwa ruhusa, na hifadhidata ibaki na njia ya faili tu. Ukishazitoa, hapo shindilia mara moja, na utaona tofauti.

Na jiulize kwanza kama unazihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haikuruhusu kukaa na taarifa za mtu kupita haja iliyokufanya uzichukue. Hesabu za biashara ni jambo tofauti: Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Tenganisha risiti na pasipoti, muda wake wa kufutwa si mmoja.

Nikifuta taarifa za mgonjwa, zimetoweka?

Bado. Maandishi yanaweza kusomeka ndani ya kurasa tupu mpaka ziandikwe upya. Katika SQLite, `VACUUM` huyaondoa kwenye faili, na `PRAGMA secure_delete=ON;` hufuta kwa sifuri tangu mwanzo. Kumbuka yamo pia kwenye bekapu zote za kabla ya siku hiyo.

`df` inasema diski imejaa, `du` inasema nusu. Ipi kweli?

Zote; `df` huhesabu nafasi iliyotumika kwenye diski, `du` huhesabu mafaili yanayoonekana. Mtu amefuta faili kubwa la logi wakati programu bado imelishika. Jina limeondoka, nafasi haijaondoka. `lsof +L1` itakuonyesha anayelishika. Washa programu hiyo upya. Pia ext4 hujitengea asilimia 5 ya diski kwa msimamizi mkuu, hivyo watumiaji wengine huambiwa imejaa kabla haijafika asilimia mia.

Wakati gani wa mwaka tufanye kazi kubwa?

Kwa nyumba za wageni, mwezi wa tano na wa sita. Masika yananyesha, kusi limeingia, wageni wachache na nyingine zimefunga. Usiguse Disemba wala wiki ya Maulidi, mji ukiwa umejaa. Kazi ya dakika tano inaweza kwenda duka likiwa limefungwa kwa sala ya Ijumaa, lakini kazi ya saa nzima iwe na mtu anayeitazama.

Weka onyo diski ikifika asilimia 80. Diski mpya pengine iko Mombasa na wewe uko Shela, na kati yenu kuna basi na boti. Diski za bekapu zitunze kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, upepo wa chumvi hula viunganishi.

Diski imejaa kabisa sasa hivi na hifadhidata imesimama. Nianze wapi?

Usifute chochote ndani ya folda ya hifadhidata. Mafaili ya `pg_wal`, `-wal` na `-journal` yanaitwa logi lakini yana data ambayo haijafika nyumbani kwake. Tafuta nafasi nje: logi za mfumo, bekapu za zamani (nakili kwingine kwanza), mafaili yaliyopakuliwa. Ukipata gigabaiti moja, iwashe hifadhidata, kisha angalia jedwali lisilohitajika. `TRUNCATE` ya jedwali zima hurudisha nafasi papo hapo kwenye PostgreSQL, na kwenye MySQL jedwali likiwa na faili lake. `DELETE` hairudishi, tena huongeza logi kwanza.

Kama unahitaji kuondoa asilimia 90 ya jedwali, usifute hizo 90. Nakili zile 10 kwenye jedwali jipya, hakiki, badilisha majina, angusha la zamani. Kwa data inayoingia kila siku, kama samaki wa dikoni, gawa jedwali kwa mwaka, na mwaka ukipitwa na haja unaangusha sehemu yake nzima kwa `DROP TABLE`, bila kushindilia lolote.

Na kwa siku zijazo, tia farumi. Kama jahazi linavyobeba mawe ya kutupwa, weka faili la kushika nafasi tu kwenye sehemu ile ile ya diski:

`fallocate -l 2G /var/lib/farumi`

Siku ya shida unalifuta, unapata gigabaiti 2 za kupumulia.

Umeme umekatika katikati ya kushindilia. Nimepoteza data?

Mara nyingi hapana, ukiacha mikono mbali. SQLite ikifunguliwa tena husoma jarida lake na kurudi ilivyokuwa kabla ya `VACUUM`. Kwa hiyo usilifute faili la `-journal` na usilihamishe la `.db` peke yake. Kwa `VACUUM INTO`, futa tu nakala isiyokamilika. PostgreSQL hubaki na jedwali la zamani, ila nakala iliyokatika inaweza kuachwa kama faili lisilo na mwenyewe likikalia nafasi. Usilifute kwa kubahatisha, mwite anayejua kulilinganisha na `pg_class`. MySQL 8.0 husafisha yenyewe ikiwaka, za 5.7 huweza kuacha mafaili yanayoanza na `#sql-`.

Umeme ukirudi, ngoja utulie kwanza, maana mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika chache. Kisha washa, endesha `integrity_check`, au `CHECK TABLE` kwa MySQL. Ukipata `ok`, rudia kazi ukiwa umechomeka UPS. Ukipata kingine, zima programu zote, nakili folda nzima ilivyo kwenye diski ya nje pamoja na mafaili yake ya pembeni, na ndipo urudishe bekapu uliyoitoa kabla ya kuanza.